Safari ya Kampala na Bwana Mdogo: pampasi ya usiku huchaguliwaje?

  

Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya safari. Najua wengine mnangojea nisimulie maghorofa ya Kampala na msongamano wa watu kule mjini. Yapo, lakini safari ninayoikumbuka zaidi tangu nifike Uganda ni ile niliyoiharibu kwa sababu ya pampasi. Msicheke kwanza. Mimi ni kijana, sina mke wala mtoto, nafundisha darasa la tatu kwa kujitolea, na kabla ya mwezi wa tano wa mwaka 2023 sikuwa nimemvalisha mtoto pampasi hata siku moja. Kosa langu lilitugharimu nauli mara mbili na wiki mbili za hofu. Nasimulia ili lisimpate mwingine.

(Nasema pampasi kama sisi wote tunavyosema hapa, hata kama paketi imeandikwa jina jingine. Wale waliopita Tanzania wanasema nepi. Ni kitu kile kile.)

Bwana Mdogo na ngiri yake

Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu mkubwa. Mimi namwita Bwana Mdogo kwa sababu anatembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Wakati ule alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Alikuwa na ngiri, ile wengine wanaita mshipa: uvimbe kwenye kinena upande wa kulia, unatokea akilia, unarudi ndani akilala. Ngiri ya kinena kwa mtoto haiponi kwa dawa ya kunywa wala kwa kufungwa kitambaa. Inataka operesheni ndogo. Na siku yoyote utumbo unaweza kunasa pale: uvimbe unakuwa mgumu, haurudi ndani, mtoto analia kwa maumivu na kutapika. Hapo hakuna kungoja kesho, ni hospitali saa ile ile. Kwa hiyo dada yangu alikuwa halali vizuri. Kila mtoto akilia usiku, yeye anawasha tochi na kumwangalia kinenani.

Tulipopewa tarehe katika hospitali moja ya Kampala, dada alikuwa amejifungua wiki tatu tu, na shemeji alikuwa kwenye kibarua mbali. Mjomba nikabaki mimi. Tulitakiwa kufika saa mbili asubuhi, mtoto aonwe, na kesho yake afanyiwe operesheni. Tukapanga hivi: jioni Mbarara, usiku basi, alfajiri Kampala. Usiku mmoja, nikajiambia, kuna ugumu gani?

Kutoka Base Camp mpaka Mbarara

Dukani nilikuta pampasi zinauzwa moja moja. Muuzaji akaniuliza, "Namba ngapi?" Nikamjibu, "Ya mtoto." Akacheka mpaka wateja wengine wakageuka. Alikuwa na namba tatu, nne na tano. Namba tatu ilikuwa na bei ndogo kuliko zingine kwa shilingi mia mbili, nikachukua hiyo, vipande vitatu. Nilipiga hesabu ya mwalimu: basi la usiku kutoka Mbarara ni kama saa tano, pampasi moja inatosha, mbili ni akiba. Hata nikajisifu kwa kuwa na akiba.

Taksi ya kwenda Mbarara mnaijua. Imeandikwa watu kumi na wanne, mnakaa kumi na tisa, na kuku mmoja chini ya kiti. Ziwa linabaki nyuma, vumbi linaingia kwa madirisha, halafu inaanza migomba ya Isingiro, vilima vyote migomba, mpaka unajiuliza nani anakula ndizi zote hizi. Bwana Mdogo alisimama kwenye mapaja yangu akihesabu ng'ombe wenye pembe ndefu. Kwake kila ng'ombe ni "moja". Kabla hatujafika lami akanyamaza, uso ukawa mwekundu, na watu wa kiti chote wakajua kilichotokea. Pampasi ya kwanza ikaishia pale, kabla hata ya jua kuzama.

Mbarara tulikunywa chai ya maziwa. Maziwa ya Ankole ni mazito, ukipita Mbarara usikose. Saa tatu na nusu usiku nikambadilisha mtoto kwenye benchi la steji. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo niliona ni la akili sana. Nilikuwa nimebaki na pampasi mbili, nikamvalisha zote mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Nikasema ile ya nje itakuwa mlinzi. Ilibana kidogo kwenye mapaja, lakini nikaona kubana ni kuzuri, maji hayatapita. Saa nne basi likaondoka.

Daraja la Katonga

Mnakumbuka mwezi wa tano ule wa 2023. Barabara kuu ya kutoka Masaka inapita Lukaya, inavuka bwawa la Lwera na mto Katonga, inafika Kayabwe penye mstari wa ikweta, halafu Mpigi na Kampala. Mwezi ule maji ya mafuriko yalikata barabara pale darajani Katonga. Magari yakaambiwa yazunguke kwa Villa Maria, Sembabule na Kanoni, yatokee Mpigi. Habari hiyo nilikuwa nimeisikia redioni siku chache kabla. Niliisikia vizuri kabisa, na nikawaeleza wanafunzi kwenye somo la jiografia. Lakini hesabu yangu ya pampasi sikuibadilisha. Nilijua njia imekuwa ndefu, sikufikiria kwamba usiku wa mtoto nao umekuwa mrefu.

Masaka basi likakunja kushoto. Mbele yetu taa nyekundu za malori zilipangana kama shanga. Tunaenda kidogo, tunasimama. Wanafunzi wangu nilikuwa nimewaahidi kuwaangalilia ikweta ya Kayabwe, ili niwaambie ikoje. Kumbe njia ile ya Sembabule nayo inaikata ikweta, ila sisi tuliivuka gizani, sijui hata ilikuwa saa ngapi, kwa maana wakati ule sikuwa nafikiria ikweta tena. Mapaja yangu yalikuwa yamelowa.

Mtoto aliamka analia. Nikawasha simu, nikafungua. Pampasi ya ndani ilikuwa imejaa, imevimba na kuteleza kama uji uliopoa. Ile ya nje, yule mlinzi wangu, katikati ilikuwa kavu kabisa. Mikojo ilikuwa imepita pembeni, kwenye mapaja, ikaingia suruali yake na yangu. Kwenye ngozi ya mapaja kulikuwa na alama nyekundu za mpira uliobana.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mfanyabiashara wa vitenge. Akaangalia mwanga wa simu, akashika kichwa. "Mwalimu, hii umefanya nini? Umemuvalisha mbili? Ile ya nje itakunywa nini, na ya ndani iko na plastiki?"

Ni kweli. Mgongo wa pampasi ni wa kuzuia maji. Kilichozuiliwa na ya ndani hakiwezi kufika katikati ya ile ya nje. Unachoongeza ni joto na kubana tu. Nikamwambia sina nyingine. Akafungua mzigo wake, akanipa kipande cha kitenge cha zamani. Tukamfunga mtoto nacho. Kikalowa. Tukamfunga fulana yangu. Ikalowa. Hapo nikafanya kosa la pili: mtoto aliomba maji nikamnyima, ili asikojoe tena. Yule mama alinikaripia kwa sauti mpaka kondakta akageuka. "Mutoto ananyimwa maji kwa sababu ya nguo? Mupe maji! Nguo itafuliwa." Nikampa. Alikunywa chupa nusu bila kupumua. Mpaka leo nikikumbuka vile alivyokunywa, naona aibu.

Mpigi kulipambazuka. Kyengera foleni, Busega foleni, Nateete foleni. Tulishuka Kisenyi saa tatu kasoro asubuhi. Safari niliyoipimia saa tano ilikuwa imechukua karibu saa kumi na moja, na zaidi ya nusu yake mtoto alikuwa amekaa katika majimaji.

Neno la daktari

Hospitalini walitupokea ingawa tulichelewa. Muuguzi alifungua ile fulana, akaangalia, akamwita daktari. Kinena chote kilikuwa chekundu, na kwenye mkunjo upande wa kulia ngozi ilikuwa imechubuka, inatoa maji. Daktari hakunigombeza. Alinionyesha kwa kidole: "Hapa ndipo tunapokata. Ngozi ikiwa na kidonda, wadudu wanaweza kuingia kwenye jeraha la operesheni. Mrudishe baada ya wiki mbili, pakiwa pamepona."

Nikatoka nje nikapiga simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kweli nilikuwa nayataka. Dada alinyamaza muda mrefu, nikasikia kichanga kinalia nyuma yake. Halafu akauliza, "Amekula?" Hilo tu. Nikamwambia amekula chapati na yai. Akasema, "Haya, rudini."

Wiki mbili za shule

Zile wiki mbili mimi ndiye nilikuwa mwanafunzi. Nilimuuliza muuguzi wa kituo chetu cha afya, nikauliza bamama wa jirani, na nikasoma maandishi ya kila paketi niliyoikuta madukani, mpaka wakaanza kuniita Mwalimu wa Pampasi. Jina nililikubali. Haya ndiyo niliyojifunza.

La kwanza, namba ya pampasi haifuati umri wala bei. Inafuata kilo. Kwenye paketi wameandika, kwa mfano, kilo 9 hadi 14, na kila kampuni ina vipimo vyake. Tukampima Bwana Mdogo kwenye mizani ya kituo: kilo 11 na nusu. Namba tatu ilikuwa imempita zamani. Tena utaona namba zinapandana, kilo 11 na nusu inaingia nne na wakati mwingine tano. Kwa mchana chukua ile inayomkaa sawa. Kwa usiku wa safari, mtoto akiwa katikati ya namba mbili, chukua kubwa, kwa sababu ina nafasi zaidi ya kunywa. Lakini isizidi, maana ikiacha nafasi mapajani itavuja hata kama ni mpya.

La pili, pampasi nyingi zinavuja kwa sababu ya kuvalishwa vibaya, wala si kwa sababu zimejaa. Ile mikunjo myembamba kwenye mapaja lazima uivute kwa kidole itoke nje. Ikibaki imekunjwa ndani, maji yanaifuata kama mfereji. Tumboni paingie vidole viwili. Kwa mtoto wa kiume, dudu lake lielekee chini. Likiangalia juu, atalowa tumbo na mgongo huku pampasi ikiwa kavu chini. Hili hakuna aliyekuwa ameniambia, na bamama walishangaa kwamba silijui.

La tatu, kuna za gundi na kuna za kuvaa kama chupi. Kila moja ina kazi yake. Ya chupi ni rahisi kwa mtoto anayesimama: ndani ya basi anasimama kati ya viti, unamvalisha haraka, na ikijaa unaichana pembeni bila kuipitisha miguuni. Ya gundi ni nzuri mtoto akiwa amelala, unafungua bila kumvua viatu wala kumwamsha, na unaweza kuilegeza au kuikaza. Ila gundi haipendi mafuta. Ukiwa umetoka kupaka vaselini, futa vidole kwanza, la sivyo haitashika.

La nne, za kununua moja moja si mbaya, wengi wetu hatuna uwezo mwingine. Lakini iangalie. Kama paketi ilifunguliwa zamani, ikakaa wazi juani au penye unyevu na panya, iache. Sisi safari ya pili tulifanya hivi: paketi nzima ilikuwa bei kali, tukainunua kwa kuchanga na jirani mwenye mtoto wa kilo zile zile, tukagawana mbele ya duka.

La tano, ya usiku ijaribiwe nyumbani kwanza. Usianze aina mpya siku ya safari. Mvalishe akilala, asubuhi angalia: godoro limelowa? Ngozi ni nyekundu? Mpira umeacha alama? Usiku mmoja wa nyumbani utakuambia zaidi kuliko maneno ya muuzaji.

La sita, kinyesi hakingoji. Mikojo inaweza kukaa katika pampasi nzuri kwa saa kadhaa, kwa sababu ndani yake mna unga unaoishika na kuigeuza kama uji. Kinyesi kinachoma ngozi upesi. Hata kama pampasi ni mpya dakika kumi zilizopita na uliinunua kwa pesa ya mwisho, itoe.

Na nguo za kitambaa, zile pamba mbili na chupi ya plastiki juu? Mama zetu walitulea nazo na hazina ubaya. Mimi naziona ni bora kwa nyumbani na mchana, ambapo unabadilisha kila zikilowa. Kwa usiku wa basi, kitambaa kinakaa na maji yake kwenye ngozi, na hakuna pa kufulia. Ukiwa huna kingine, beba vingi, na hesabu kubadilisha kila baada ya saa mbili.

Juu ya ngozi ya Bwana Mdogo, muuguzi alituambia tumuoshe kwa maji na kumkausha kwa kugusagusa, si kusugua, tumpake mafuta mepesi ya kukinga kila mara, na tumwache bila nguo saa nyingi za mchana. Unga wa kunyunyiza alisema tuuache, mtoto anauvuta puani. Akatuambia pia tukiona vipele vidogo vinasambaa kwenye mikunjo tumrudishe, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa fangasi na inataka dawa yake. Havikutokea. Siku ya kumi ngozi ilikuwa safi.

Safari ya pili

Dada aliuza madebe mawili ya maharage kwa ajili ya nauli. Alinikabidhi mtoto bila kusema neno juu ya safari ya kwanza, lakini mfuko aliufungua mwenyewe na kuhesabu pampasi moja moja mbele yangu. Zilikuwa saba.

Hesabu niliibadilisha. Sikupiga tena kwa saa za tiketi. Nilichukua saa tulizotumia mara ya kwanza, nikaongeza nusu yake. Basi likiharibika, mvua ikinyesha, daraja likikatika, mtoto hatajua. Yeye atakojoa kwa saa zake.

Njia ilikuwa ile ile ya kuzunguka Sembabule. Nilimbadilisha Mbarara dakika ya mwisho kabla ya kupanda, wala si saa nzima kabla. Nilitandika mfuko wa plastiki mapajani mwangu na kitenge juu yake. Basi liliposimama Masaka abiria wakajisaidie, nikamgusa: upande wa mbele umevimba na kushuka. Nikambadilisha pale pale kwenye kiti, amelala, akageuza kichwa tu. Maji alikunywa kila alipoomba. Karibu na Mpigi nikambadilisha tena, na abiria mmoja mzee akaniambia, "Kijana, mama yake yuko wapi?" Nikamjibu yuko nyumbani ananyonyesha, na huyu ana mjomba. Mzee akanisaidia kushika tochi.

Zile zilizotumika nilizikunja, gundi nikaifunga juu, nikaziweka kwenye kavera nyeusi mpaka Kisenyi penye pipa. Wale wanaorusha dirishani, nawaomba, acheni. Na hapa nyumbani tusizitupe chooni. Hazina kuoza upesi, choo kinajaa kabla ya wakati, na tukiziacha wazi mbwa wanazisambaza mpaka kwenye bomba la maji.

Muuguzi ni yule yule. Alifungua pampasi, akaangalia kinena, akaniangalia mimi. "Leo mmekuja," akasema.

Operesheni ilifanyika kesho yake asubuhi. Mara ya mwisho ya kula na kunywa walitupangia wao wenyewe hospitalini, tukafuata saa waliyosema. Baada ya hapo muuguzi alinionyesha kukunja ukingo wa mbele wa pampasi ukae chini ya bandeji, ili mikojo isifike kwenye jeraha. Siku ile ile jioni Bwana Mdogo aliomba viazi. Siku ya pili alikuwa anatembea wodini mikono nyuma, anakagua vitanda vya wenzake.

Tulipofika nyumbani dada alimlaza, akawasha tochi, akaangalia kinena kama kawaida yake. Mtoto alikuwa analia kwa uchovu, analia kwa nguvu zote, na uvimbe haukutokea. Akazima tochi.

Mfuko wa safari ya usiku

Kwa wale wenye safari karibuni, katieni sehemu hii muiweke:

– Pampasi za kilo za mtoto, zilizojaribiwa nyumbani. Moja kwa kila saa tatu za safari unayoitegemea, na nusu ya idadi hiyo juu yake.
– Kitambaa cha pamba na chupa ya maji safi ya kumfuta, na chupa nyingine ya kunywa. Msizichanganye.
– Mafuta ya kukinga ngozi. Paka kidogo tu, mengi yanaziba pampasi isinywe.
– Plastiki na kitenge cha kutandika mapajani, au kwenye godoro la mwenyeji. Ukilala kwa watu, mtoto akilowesha godoro lao, mwaka ujao hawatafungua mlango.
– Suruali mbili za mtoto, na moja yako wewe mwenyewe.
– Kavera mbili nyeusi.
– Tochi ndogo.

Kumalizia

Siku hizi mabasi yanapita tena Katonga. Safari iliyofuata niliiona ikweta ya Kayabwe mchana kweupe: duara kubwa jeupe la simenti kando ya barabara, na watu wanapiga picha. Nilirudi nikawasimulia wanafunzi wangu. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na ile ya gizani ulivuka kweli?" Nikamwambia nilivuka, ila nilikuwa na mtoto aliyelowa.

Akina mama wengi haya mnayajua kunishinda, mnisamehe kwa kuwafundisha kazi yenu. Nimewaandikia zaidi akina baba, akina kaka na wajomba. Siku moja mtaambiwa, "Mchukue mtoto, mimi siwezi kwenda." Msijibu kama nilivyojibu dukani. Mkiulizwa namba ngapi, mtaje kilo.

Mbaki salama, na Mungu awalinde watoto wetu wote walioko njiani usiku wa leo.

Ni mimi mwalimu wenu wa darasa la tatu, Base Camp.